Injini Ikiwa Baridi

Mara ya tatu Wamaitha alipoteremka Nakuru kulitazama lile lori, alikuta tena injini ina moto.

Hakuhitaji kuuliza. Mzee Kiarie, aliyekuwa akiliuza, alipoibinua kebini kwa mbele, joto lilimpiga Wamaitha usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya githeri. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja ubavuni mwa bloki, lile pande zito la chuma ambalo pistoni na mambo mengine yote ya injini hukaa ndani yake. Akakiondoa upesi.

"Imewashwa," alisema.

"Nimeitoa kidogo kuoshwa," Kiarie akajibu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye sweta ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. "Mgeni akija, si lazima nyumba ifagiliwe?"

Kang'ethe alicheka. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na tangu waingie kwenye yadi ile nyuma ya reli hakuwa ameacha kulizunguka lori akiyapigapiga magurudumu kwa ncha ya kiatu.

Mara ya kwanza injini ilikuwa na moto kwa sababu lori lilikuwa limetoka kutiwa dizeli. Mara ya pili Kiarie mwenyewe alilileta hadi stendi kuwapokea, ili mama asitembee kwenye matope. Kila mara palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya heshima, na hilo lilimkera Wamaitha kuliko lori lenyewe. Utagombana vipi na mtu aliyekuokoa na matope?

"Mzee, mimi nataka kuiona ikiwa baridi," alisema. "Ilale usiku mzima bila kuguswa, halafu asubuhi tuiwashe sisi wenyewe."

"Baridi ama moto, si injini ni hiyo moja, mama?"

"Baba Lynn alikuwa akisema, injini ya dizeli ukitaka kuijua uitembelee kabla haijanawa uso."

"Mungu amlaze pema." Kiarie aliinamisha kichwa na kukaa hivyo kwa muda unaofaa. "Muiruri alikuwa dereva, tena dereva mzuri, hakuna mtu atakataa. Lakini hii ni mambo ya kununua, si ya kuendesha." Kisha akamgeukia Kang'ethe, akazungumza kana kwamba Wamaitha alikuwa amekwisha kuondoka. "Si umpeleke mama ofisini akae? Kuna soda huko. Jua ya hapa inaumiza kichwa."

Akapelekwa ofisini kama mtoto aliyesumbua wageni. Msichana wa pale alimfungulia soda ya machungwa, na kutoka dirishani Wamaitha akamwona Kang'ethe akipanda kebini, akiwasha, akikanyaga mafuta mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka. Injini ilinguruma vizuri. Moshi haukuonekana. Kang'ethe alitoa mkono dirishani akamwonyesha kidole gumba.

Wamaitha hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiiwaza ile bloki aliyoigusa, iliyopakwa rangi ya fedha mpya inayong'aa, na alijiuliza ni nani hupaka rangi tumbo la lori lenye miaka kumi na tisa. Katika yadi nzima, kitu pekee kilichokuwa baridi siku hiyo ni soda.

Nyumbani Keringet viazi vilikuwa tayari ardhini, ekari mbili na nusu, na mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri. Mwaka jana walanguzi walikuja na malori yao, wakajaza magunia mpaka yakafura kama mjamzito, wakalipa walichotaka. Muiruri, ambaye kwa miaka ishirini na miwili aliendesha malori ya watu wengine, alisimama pale shambani akitazama viazi vyake vikiondoka kwenye lori la mtu mwingine tena, akasema tu kwamba siku moja. Mwezi wa pili akafa, kwa figo.

Sacco ya madereva, chama chao cha akiba, ilitoa laki kumi na moja kwa ajili ya Muiruri. Lori la Kiarie lilikuwa la laki kumi na moja. Kang'ethe aliliona jambo hilo kuwa ishara. Wamaitha aliona kwamba mtu fulani alimwambia Kiarie kiasi kilichokuwa benki.

Lakini dipoziti ya laki mbili ilikuwa imekwisha kutolewa, na namna ilivyotolewa ndiyo iliyomfunga mikono. Kiarie alikuwa na yadi mjini, lakini uzee wake wa kanisa ulikuwa kulekule Keringet. Basi hawakukaa kwa wakili. Walikaa katika chumba cha nyuma cha kanisa, baada ya ibada, na mchungaji akaweka mkono juu ya bahasha na kuomba. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba lori litakaguliwa kwanza. Nani angeandika hivyo, na mchungaji amefumba macho? Jumapili iliyofuata Kang'ethe alisimama wakati wa matangazo, akasema familia ya marehemu Muiruri italeta lori libarikiwe wiki mbili zijazo, na watu wote wanakaribishwa. Watu wakapiga makofi. Mbuzi akachaguliwa.

Ukisha kupigiwa makofi namna hiyo, kusema unataka fundi wako alitazame lori ni kusema mzee wa kanisa ni mwongo.

"Mum, niambie ukweli," Lynn alisema jioni ile ya Jumanne, wakimenya viazi jikoni. Lynn alikuwa na miaka ishirini na tatu, aliuza dawa za mifugo na mbegu kwenye duka la pale senta, penye soko, na alikuwa na tabia ya baba yake ya kusema jambo zito akitazama kwingine. "Kuna lori yoyote duniani utaona uipende?"

"Iko."

"Kwa sababu mimi naona kama unatafuta makosa ndio usitoe pesa ya Dad."

Wamaitha aliendelea kumenya. Neno lile lilimchoma kwa sababu halikuwa la uongo wote. Alikuwa amezoea kuamka akijua pesa zile zipo. Siku akaunti itakaposoma sifuri, Muiruri atakuwa amekwisha kulipwa, na hapatakuwa tena na ofisi yoyote duniani inayolitafuta jina lake kwenye faili.

"Hiyo bloki imepakwa rangi," alisema hatimaye.

"Na kucha zako pia ulipaka wakati wa harusi ya Sue. Ulikuwa unaficha nini?"

Wamaitha akacheka bila kutaka. Sue alikuwa binti wa Kang'ethe, na harusi ile ilikuwa siku ya mwisho Muiruri kuvaa suti akiwa hai. Lynn akachukua kiazi kingine.

"Pesa inalipwa Ijumaa," Lynn alisema. "Jumapili ni maombi. Ukitaka kufanya kitu, fanya sasa. Na usimwambie Uncle."

Masinde alikuwa fundi wa dizeli, mtoto wa reli. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufunga boliti za mabehewa Nakuru na ukoo haukurudi tena. Alikuwa amemtengenezea Muiruri malori ya matajiri watatu tofauti. Jumatano jioni Wamaitha alifika kwake na mfuko wa viazi. Mkewe Masinde, Joyline, alimtandikia kitanda cha watoto bila kumuuliza maswali.

"Shemeji, mbona hukuniita tangu mwanzo?" Masinde alimuuliza kwenye chai.

"Kang'ethe alisema tukienda na fundi tutamwaibisha mzee."

"Sasa fundi ni polisi?"

"Kwa kanisa, karibu."

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro, walikuwa langoni pa yadi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya reli. Pembeni mwa lango mwanamke mmoja alikuwa akipuliza makaa chini ya birika kubwa. Jina lake Chesang, na madereva walimwita mathe, yaani mama, ingawa hakuwa amefika miaka arobaini. Masinde aliagiza chai tatu, moja ya Chesang mwenyewe.

"Leo mmekuja mapema," Chesang alimwambia Wamaitha. "Moto hawajawasha."

"Moto gani?"

"Ya lori yenu, si ni ile ya bluu? Wakijua mnakuja, askari huiwasha saa hii hii. Inakohoa hiyo kitu, inakohoa, moshi inakuja mpaka nafunika mandazi." Akamtazama Wamaitha, akaona uso wake. "Mimi nilidhani mnajua."

Wamaitha aliinywa chai yake yote kabla hajajibu. Muuza chai alijua. Askari alijua. Bila shaka na yule msichana wa soda alijua. Ni yeye tu, mwenye pesa, aliyekuwa akipanda na kushuka kutoka Keringet kuja kuonyeshwa lori lililonawishwa uso.

"Hatujui," alisema. "Sisi ni watu wa shamba."

Askari wa usiku alisita kidogo kufungua lango. Wamaitha alimwambia yeye ndiye aliyelipa dipoziti ya lori la bluu na amekuja kuwashiwa, na hakukuwa na uongo ndani yake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa askari, kwa sababu kuwasha ndiyo kazi aliyopewa. Hakuwa ameambiwa asiwashe mbele ya watu.

Kebini ilipobinuliwa, Wamaitha aliweka kiganja ubavuni mwa bloki. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na safari hii aliuacha mkono wake pale.

Masinde hakuharakisha. Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza kwenye mwanga. Chini yake palikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa. "Maji na oili zimeanza kuongea," alisema. Kisha akalala chali kwenye kokoto, akaingia chini kwa mabega, akaomba kitambaa na ile chupa ndogo ya petroli. Wamaitha alimsikia akisugua. Alisugua kwa muda mrefu, nyuma ya stata ya kuwashia, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona. Rangi ya fedha ilianza kudondoka matone matone kwenye kokoto.

"Shemeji, inama. Weka tochi hapa."

Wamaitha alipiga magoti na sketi yake ya kanisani. Chini ya ile rangi palikuwa na kibamba cha chuma, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kilichochomelewa kuzunguka pande zote. Mshono wake ulikuwa mnene na wa vinundu, kama kovu la mtu aliyeshonwa na asiye daktari.

"Hii injini iliwahi kuvunjika mguu wa pistoni," Masinde alisema. "Ule mguu ukatoka ukapasua bloki, ukatoboa ukuta. Wakaziba. Sasa chuma cha bloki si kama cha dirisha. Hakipendi kuchomelewa. Kinakubali leo, kesho kinapasuka kando ya mshono. Unaona huu ufa?"

Ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulitoka kwenye pembe ya kibamba ukapanda juu, na juu yake yalikuwapo matone madogo ya maji, yamejipanga.

"Ikipata moto, chuma kinatanuka, ufa unajifunga. Ndiyo maana wanakuonyesha ikiwa moto. Si ati wanakudharau. Wanakuogopa."

"Basi iwashe," Wamaitha alisema.

Askari alipenyeza mkono kwenye kebini iliyobinuka, akawasha injini. Mara ya kwanza ilikataa, mara ya pili ikajaribu, mara ya tatu ikashika kwa mtetemo uliofanya kioo cha pembeni kucheza. Moshi mweupe ulitoka mwingi na mzito, ukavuka ua, na Wamaitha akamwona Chesang kule langoni akinyanyuka kufunika mandazi. Masinde alimpa bisibisi ndefu. Aliijua kazi yake, alikuwa amemwona Muiruri akifanya hivyo uani kwao mara nyingi. Akaweka ncha kwenye bloki, na mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio.

Kelele zote za nje zikapotea. Ndani kabisa alisikia mgoto mmoja, mzito, unaochelewa kidogo, kama mtu anayegonga mlango katika nyumba ya jirani. Alisikiliza mpaka shingo ikamuuma.

Baada ya robo saa moshi ulipungua. Mgoto ukazama chini ya ngurumo. Matone kwenye ufa yakakauka, mojamoja, mpaka pakabaki chuma kitupu.

"Haya," Masinde akasema, akijifuta mikono. "Sasa hii ndiyo lori mlikuwa mnaonyeshwa."

Kiarie alifika saa mbili, na Kang'ethe, aliyepigiwa simu, akafika saa nne akiwa na matope mpaka magotini. Wamaitha alikuwa ametarajia kwamba mzee angeona haya. Alikuwa hata amepanga namna ya kumwonea huruma.

Kiarie alikitazama kile kibamba kwa tochi, akasimama, akajipangusa goti.

"Ilichomelewa," alisema. "Sasa? Hata binadamu hushonwa hospitali akarudi kazini."

"Hukuniambia, mzee."

"Hukuniuliza. Uliuliza kama itawashwa ikiwa baridi, na leo imewashwa ikiwa baridi. Imekataa kuwaka?" Akamtupia Masinde jicho. "Na huyu fundi wa kando ya barabara umemlipa ngapi aniharibie rangi?"

"Chai moja," Masinde alisema. "Na nilijilipia."

Kang'ethe hakucheka. Alimshika Wamaitha kiwiko, akampeleka nyuma ya rundo la magurudumu makuukuu. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

"Mama Lynn, nisikize. Nimeongea na yeye kwa simu nikija. Anatoa laki na nusu kwa bei. Na hiyo pesa tunabadilisha bloki pole pole, tunapata nyingine kwa soko. Lori ni lori."

"Tutaendesha nini wakati tunabadilisha pole pole?"

"Mimi nilisimama mbele ya watu."

"Ulisimama na pesa ya nani?"

Kang'ethe alikiachilia kiwiko. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hilo likawa baya zaidi, "Ndugu yangu aliendesha lori mbaya kuliko hii miaka ishirini. Wewe ulikuwa unakula hizo lori. Lynn alisoma na hizo lori. Sasa leo wewe ndiye umejua injini."

Wamaitha alitaka kumwambia kwamba ndiyo, ameijua kwa kuzila. Ameijua kwa jioni zote ambazo Muiruri aliingia ndani na kuketi bila kuvua viatu, akimsimulia bloki iliyopasuka mlimani, tajiri aliyemkata mshahara, usiku aliolala chini ya lori la mtu kulinda kabichi za mtu. Lakini Kang'ethe alikuwa analia machozi kidogo, na Wamaitha akamwacha pale. Akarudi kwa Kiarie.

"Sinunui. Nirudishie dipoziti yangu."

"Dipoziti ni ya kushikilia lori, mama. Nimeishikilia wiki mbili. Nimerudisha wateja." Kiarie alishusha sauti zaidi, kama anayeongea na mgonjwa. "Na ile siku tuliomba, wewe ulisema amina. Mimi nilikusikia. Sasa unatoka kwa amina yako?"

"Nilisema amina kwa lori zima."

"Hakuna kitu kizima kwa bei hiyo. Uliza mtu yeyote hapa."

Akaenda ofisini kwake akafunga mlango, si kwa kishindo. Masinde alisema waende polisi. Wamaitha akauliza wataonyesha karatasi gani. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na amina.

Jumapili mchungaji alisoma matangazo mwenyewe. Alisema shukrani ya familia ya marehemu Muiruri imeahirishwa kwa sababu zisizoepukika, akapita haraka kwenye mkutano wa akina mama. Mbuzi alikuwa amekwisha kulipiwa, basi akachinjwa kwa ajili ya vijana wa kwaya.

Wakati wa sadaka, wazee walipita na mifuko. Safu ya Wamaitha iliangukia kwa Kiarie. Alikuja akiwa na ile sweta ya kijivu, akapitisha mfuko kwa mtu mmojammoja, na ulipofika kwa Wamaitha hakuuharakisha wala hakuuchelewesha. Aliushika mbele yake kama alivyoushika mbele ya wengine. Watu wa safu ya nyuma walikuwa wameacha kuimba. Wamaitha alitia shilingi mia yake. Kiarie akainamisha kichwa, akasonga mbele.

Nje, wanawake wa kikundi chake walimzunguka.

"Ni pesa zilipungua?" mmoja akamuuliza, kwa huruma.

"Ni injini."

"Injini gani tena, na Kang'ethe alisema iko sawa?"

"Ilikuwa na ufa."

"Ai. Na si kuna mafundi." Akampapasa bega. "Ni majonzi hayo, mama Lynn. Mwaka wa kwanza mtu huona ufa kila mahali. Utapona."

Lynn alikuwa amesikia. Walipokuwa wakitembea kwenda nyumbani alivunja kijiti kutoka kwenye ua wa mtu, akakikata vipande vidogo vidogo njia nzima. Walipofika mlangoni akavitupa.

"Ningewaambia kila mtu pale," akasema. "Ningepanda kwa madhabahu."

"Na kesho ungewauzia nani mbegu?"

Walichimba viazi kwa vibarua wanne, wakapata magunia sitini na mawili. Wakayapanga uani juu ya mbao na kuyafunika kwa nailoni. Mlanguzi mmoja alikuja kwa pikipiki, akakifungua kiazi kwa kisu, akataja bei ambayo Lynn aliirudia kwa sauti kama mtu aliyesikia tusi kwa lugha asiyoijua vizuri. Wakamwambia watafikiria. Alisema hana haraka, mvua ndiyo yenye haraka.

Siku ya kumi na moja baada ya ile Jumapili, wakati wa saa tisa, lori la bluu lilikata kona ya kwao na kuingia uani kinyumenyume.

Kang'ethe aliruka chini. Alikuwa na kofia mpya. Hakumtazama Wamaitha machoni mara moja. Alilipiga bodi la lori kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Nimelichukua," alisema.

"Kwa pesa gani?"

"Nimekopa na hati ya shamba. Mzee alinipunguzia ile laki na nusu." Akavuta kofia. "Na ile laki mbili yako ameihesabu."

"Ameihesabu kwa nani?"

"Kwa lori."

Wamaitha alilitazama lori. Laki mbili zake zilikuwa mle ndani mahali fulani, na Muiruri pamoja nazo, na shamba la Kang'ethe, na watoto wa Kang'ethe watatu ambao bado walikuwa shuleni. Kebini ilikuwa imefungwa. Joto lilitoka chini yake na kukausha duara dogo kwenye matope.

"Nitakubebea kwa nusu ya bei ya watu wengine," Kang'ethe alisema. "Hata bure, hii mara ya kwanza. Tupakie sasa, asubuhi tuko soko Nakuru. Mama Lynn, mimi si adui yako."

"Najua."

"Basi?"

"Viazi vyangu havipandi hapo."

Kang'ethe alisubiri aseme lingine. Wamaitha aliyatazama magunia yake. Kama angeanza kueleza, angeeleza mpaka jua litue, na alikuwa amekwisha kueleza, kwa Kiarie, kwa mchungaji, kwa wanawake wa kikundi, kwa huyu huyu.

"Zitaozea hapa," Kang'ethe alisema.

"Vioze vikiwa nyumbani."

"Unajua watu wanasema nini? Wanasema hutaki familia ya Muiruri iinuke."

"Wanasema hivyo, ama unasema hivyo?"

Kang'ethe alifungua mlango wa kebini. Mguu mmoja ukiwa ndani, alisimama kana kwamba angeshuka tena. Kisha akapanda, akawasha. Iliwaka mara moja, safi, bila moshi, na alimtazama kupitia dirisha kumwonyesha kwamba imewaka mara moja. Magunia sitini na mawili yakabaki chini ya nailoni.

Barabara ya kutoka kwao ilipanda mlima mrefu wa murramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, mpaka kwenye lami. Wamaitha alisimama uani na kusikiliza. Alimsikia Kang'ethe akiingiza gia ya pili, na injini ikilalamika, kisha akirudi gia ya kwanza. Sauti ilipotea nyuma ya mikaratusi ya jirani, ikarudi, ikawa nzito. Alitambua, kwa hasira iliyomshangaza, kwamba alikuwa akiomba lipande. Hakutaka kuwa sahihi kwa gharama ya watoto wale watatu. Alikuwa akilisukuma lile lori mlimani kwa kifua chake mwenyewe, hatua kwa hatua, yeye aliyelikataa.

Sauti ikabadilika kule juu, ikawa nyepesi. Ilikuwa imefika kwenye lami.

Lynn alikuwa ametoka jikoni akifuta mikono, na yeye pia alikuwa akisikiliza.

"Imepanda," Lynn alisema.

"Imepanda."

"Sasa labda tulikosea, Mum."

Wamaitha aliinama, akavuta ncha ya nailoni iliyokuwa imefunuka na upepo, akaikandamiza kwa jiwe.

"Haijabeba kitu," alisema.